Mia Nne Kumi na Saba

Basi nililopanda kwenda kumtafuta aliyemuua mwanangu lilikuwa la baba wa muuaji huyo. Sikuwa na hiari. Kutoka kwetu Yasothon kwenda juu mpaka mto Mekong, mabasi ya Bwana Wichian ndiyo pekee yanayosimama vijiji vidogo, na mimi nilikuwa nakwenda kijiji kidogo. Nikampa kondakta nauli, akaniambia safari njema mama, nami nikakaa dirishani na hasira zangu mapajani pamoja na kikapu.

Mwanangu aliitwa Phanuwat, ila mwalimu wake tu ndiye aliyelitumia jina hilo. Sisi tulimwita Kop, yaani chura, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua na kilio chake kilikuwa kizito kuliko cha watoto wote wodini. Mimi nauza kuku wa kuchoma na wali wa kunata nje ya stendi. Siku ile nilimtuma barafu ng'ambo ya barabara. Alikuwa anarudi na mfuko mkononi wakati Ekkarat, mtoto wa Wichian, alipotokea na gari dogo la abiria la baba yake, macho yakiwa kwenye simu. Niliiona simu. Na gari lilipokuja kusimama, mbali sana kule mbele, niliiona na namba yake ya nyuma: 417.

Kwao Wichian wakasema ni breki zilizokataa. Gari likapelekwa gereji, breki zikafungwa mpya, na za zamani zikatupwa kabla mtu hajaziangalia. Kisha Wichian akaja msibani na mwanawe na maua meupe, akapiga magoti mbele yangu, akalipia jeneza na kila kitu, akatangaza mbele ya watu kwamba Ekkarat atavaa joho la utawa miezi yote ya mvua ili thawabu zimfikie mtoto. Watu wakainua viganja wakasema "Sadhu", yaani imekuwa vema, kwa sauti moja. Jirani yangu mmoja akaninong'oneza kwamba nina bahati, maana si kila marehemu hupata mtu wa kumvalia joho. Nilitamani kumtapikia.

Hamjui joho linavyoweza kumsafisha mtu mpaka muone aliyewaumiza amelivaa. Jina linabadilika. Ekkarat akawa Visuddho, na maana yake ni aliyetakasika, mnisamehe nikicheka. Mama yake mzazi anampigia magoti. Mimi nikikutana naye njiani natakiwa nikae chini na kuinua viganja. Na mvua zikiisha atavua joho, nywele zitaota, atamwoa binti wa muuza matairi mmoja, ambaye alishamposa kabla ya ajali, na baba yake atamkabidhi mabasi. Aingie hekaluni muuaji, atoke bwana harusi. Hicho ndicho nilichoapa kwamba hakitatokea.

Niliwaza sumu, sitaficha. Mtawa hawezi kukataa kinachowekwa kwenye bakuli lake. Lakini wali wa mabakuli yote humwagwa pamoja, na mzee wa hekalu ndiye anayeonja kwanza, na huyo mzee hakunikosea kitu. Kwa hiyo nikaacha sumu nikachukua mdomo wangu. Nilipanga nipige magoti kwenye mstari wa kutoa sadaka, kijiji kizima kikiwepo, na Ekkarat akifika mbele yangu niseme yote: simu, barafu, breki, jina la mtoto. Niliyafanyia mazoezi maneno hayo mbele ya jiko langu mpaka kuku wakaungua. Familia yake ilikuwa imemficha mbali, lakini madereva hula kwangu, na dereva akila kuku wa moto mdomo wake hulegea.

Kituo cha pili akapanda bibi mmoja mwenye meno mekundu ya tambuu, akanibana kwa nyonga kwenye dirisha langu. Jina lake Bibi Chanhom. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshajua nauza nini na nimekula nini asubuhi.

"Na huku juu unamfuata nani?" akaniuliza.

"Nakwenda kutoa sadaka."

"Hekalu gani?"

Nikamtajia kijiji. Akanipiga kofi gotini. "Si ndiyo kwetu, mwanangu. Utalala kwangu. Tena umekuja wakati mzuri, tuna Kaka Mtawa mpya, kijana, mpole, anatembea anaangalia chini tu. Hazungumzi. Mtawa asiyezungumza huyo ana kitu."

"Ana kitu gani?"

"Ningejua ningekuwa kwenye basi hili? Ningeshashinda bahati nasibu, ningekuwa na gari langu."

Tulipoipita Mukdahan tairi la nyuma likapasuka kwa kishindo. Dereva akashuka, sote tukashuka, na mtu mgeni angedhani tunakwenda kumsaidia. Nusu ya abiria walizunguka nyuma ya basi wakachutama kusoma namba ya kuchezea bahati nasibu. Kijana mmoja aliipiga picha. Mama mmoja alikuwa anabishana na mumewe kama wahesabu namba ya basi au namba iliyochorwa kwenye tairi.

"Tairi ndilo lililopasuka," mume alisema. "Basi limefanya nini?"

"Tairi limevaliwa na nani? Na wewe?"

Bibi Chanhom alirudi akihema, ameandika tarakimu kwenye kiganja kwa kalamu ya kuazima. Akanionyesha kama mtu anayeonyesha mjukuu. Mimi mwenyewe nimenunua tiketi za bahati nasibu maisha yangu yote, nimesugua poda kwenye magogo ya miti kutafuta tarakimu, nimemwuliza Kop alichoota. Lakini siku ile niliwaangalia watu wale nikawaona wapumbavu. Tulipopita mbele ya mnara wa That Phanom dereva akapiga honi, basi zima likainua viganja. Mimi nikainua vyangu nikaomba koo langu lisinisaliti asubuhi.

Likanisaliti. Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamepiga magoti kwenye mikeka kando ya njia, kila mmoja na kikapu chake cha wali. Mimi nilikuwa kando ya Bibi Chanhom. Watawa wakaja peku, mzee mbele, wengine wakifuata. Nikafinya tonge, nikaliweka kwenye bakuli la mzee. Nikafinya jingine. Ekkarat alikuwa wa mwisho, na nusura nisimtambue, maana kichwa kimenyolewa na hata nyusi hazipo. Alikuwa anaangalia bakuli lake kama inavyotakiwa. Kisha akauona mkono wangu. Una kovu refu la jiko, na pale msibani aliuangalia sana mkono huu ili asiuangalie uso wangu. Akainua macho.

Kifuniko cha bakuli kikamtoka. Kikagonga jiwe, kikabingirika mbele ya wanawake wote, kikaenda kulala kwenye goti la Bibi Chanhom.

Nikafungua mdomo. Maneno yote niliyoyapika yakaganda. Tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kwamba mbele ya joho mwanamke anainamisha kichwa na kunyamaza, na mafundisho hayo yalinishika shingo pale pale kwenye mkeka. Nilikuwa namchukia, na bado sikuweza kumwita muuaji. Kilichotoka ni namba.

"Mia nne kumi na saba," nikasema.

Ekkarat akawa mweupe. Akageuka akaondoka kwa haraka, hakusoma dua, hakuchukua kifuniko chake, na tonge langu likabaki mkononi.

Kisha wanawake wakanizunguka.

"Amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Umeota? Uliota njiani?"

"Sikuota. Mwulizeni yeye. Mia nne kumi na saba anaijua kuliko mtu yeyote."

Walitazamana. Nikaelewa macho yale, kwa sababu nilikuwa nimeyaona jana nyuma ya basi. Nikasema, "Sikilizeni, hiyo ni namba ya gari."

"Namba ya gari," mmoja akamwambia mwenzake, "hiyo ndiyo kali zaidi."

"Gari ambalo yeye..."

"Inatosha, mama, usiitaje sana itaharibika," Bibi Chanhom akanikata. Alikuwa amekibeba kifuniko kwa mikono miwili. "Mimi nimeona. Kilikuja kusimama kwangu. Kingeweza kusimama kwa Mali, hakikusimama kwa Mali."

"Kwangu kilipita," Mali, aliyepiga magoti upande wake wa pili, akasema kwa uchungu.

Walikimbia. Sijui kama nimewahi kuona wanawake wazima wakikimbia na vikapu vya wali. Baadhi walikwenda kwa wauza tiketi na wengine walipitia hekaluni kwanza, wakamkuta Ekkarat kwenye kibaraza chake, wakamwuliza kama ni kweli mia nne kumi na saba. Akafunga mlango asijibu. Basi, kwao hilo lilikuwa jibu, kwa sababu mtawa wa kweli hagawi namba waziwazi.

Asubuhi iliyofuata hakutoka, wakasema ana homa. Nami nikamsubiri, nikijiapiza kwamba akitoka tu nitasema yote, hata kama ulimi utakatika. Mchana huo bahati nasibu ilikuwa inachezeshwa. Redio ilikuwa imewekwa dirishani kwa Bibi Chanhom na nusu ya kijiji imekaa uani kwake. Msomaji akafika kwenye tarakimu tatu za mwisho.

Nne. Moja. Saba.

Sitaeleza kelele zile. Mtu mmoja alipiga ngoma ya sufuria mpaka sufuria ikatoboka. Mali alikuwa analia kwa kuwa aliweka kidogo. Bibi Chanhom akaniletea kikoi cha hariri alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kuzikiwa, akanivisha mabegani kwa nguvu, akanibusu. Mimi nilikaa kwenye ngazi za nyumba yake na hariri yake nikaona dunia imenitemea mate. Nilikuja kumtia aibu, nimempa utukufu. Mwanangu alikuwa amelala barabarani na mfuko wa barafu ukiyeyuka pembeni yake, na watu hawa walikuwa wanajadili mabati mapya.

Bibi Chanhom akakaa kando yangu, ametafuna tambuu mpya.

"Huyu hatoki tena hapa," akasema.

"Nani?"

"Kaka Mtawa. Ilikuwa imesemwa mvua zikiisha anavua joho arudi kwao. Avue? Apite wapi? Wanaume wameshasema watalala njiani."

"Na akitaka kweli kuondoka?"

"Mwanangu, mtu mwenye kisima uani anakiacha kiende kutembea?"

Nilimwangalia yule bibi na furaha yake. Hasira yangu haikupungua hata chembe, ila ilipata njia. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikitafuta namna ya kumvua joho, kumbe adhabu yake ilikuwa asilivue kamwe. Nikakifunga kile kikoi vizuri mabegani.

"Bibi," nikamwambia, "mimi nakaa stendi. Nitawaambia watu."

Na niliwaambia. Sikusema uongo hata neno moja. Kila dereva, kila kondakta, kila msafiri aliyesimama kula kwangu nilimsimulia: nilimpigia magoti Kaka Mtawa mmoja kule ng'ambo ya That Phanom, kifuniko kikamdondoka, mia nne kumi na saba ikatoka, na redio ikaisema. Wakiniuliza zaidi nawaambia kaulizeni wenyewe. Maneno ya stendi hayahitaji nauli. Yalipanda mabasi yakaenda mpaka Ubon, yakaenda mpaka Bangkok na wajenzi na wafanyakazi wa ndani, na wao wakarudi likizo wakitaka kupelekwa.

Kila siku ya ibada nilikuwa nafunga jiko na kupanda basi. Kila nikipanda lilikuwa limejaa zaidi. Wichian si mjinga. Mara ya kwanza nilikuta bango dogo nyuma ya dereva, picha ya Ekkarat na joho lake. Mara ya pili aliongeza basi la moja kwa moja, lisilosimama vijiji vya njiani. Mara ya tatu mabasi yote yalikuwa yamechorwa ubavuni, kwa rangi ya dhahabu, namba 417. Wichian alichoresha namba ya gari lililomuua Kop kwenye mabasi yake yote, na agizo la mchoraji alilitia sahihi kwa mkono wake. Sijui kama alikuwa amesahau au alijitia hamnazo. Nilikaa kwenye kiti changu nikacheka mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Huyo huyo Wichian ndiye aliyemwandikia mwanawe kwamba hakuna haraka ya kurudi, utawa ni heshima ya ukoo, akae hata miaka. Binti wa muuza matairi alisubiri kidogo, kisha akaolewa na mtu mwenye nywele.

Na Ekkarat alikuwa anakonda. Popote alipogeuza uso, mia nne kumi na saba ilikuwa inamwangalia: kwenye mishumaa, kwenye lango, kwenye fulana za watoto, kwenye tumbo la mti alioegemea siku moja tu, ambao sasa ulikuwa mweupe wa poda. Akikohoa walihesabu. Siku moja alijikwaa, wakapima kwa kamba pale alipojikwaa, watafute namba. Walimwomba abariki pikipiki zao, nao wakamwelekezea upande wa namba. Nilikuwa napiga magoti mstari wa mbele, mimi ndiye mama wa kifuniko, nafasi yangu hakuna aliyeigusa. Alipofika mbele yangu nilikuwa naweka tonge langu taratibu, namwangalia machoni, na kila mara alirudisha kifuniko kabla sijautoa mkono wangu vizuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula changu miezi ile.

Karibu na mwisho wa mvua akaomba kunena nami. Tulikaa ukumbini mchana, yeye juu ya jukwaa, mimi chini kwenye mkeka, na mtawa mzee asiyesikia vizuri ameketi kati yetu kwa sababu ya kanuni.

"Mama," akasema, "nakuomba uwaambie."

"Niliwaambia siku ya kwanza, Kaka Mtawa. Niliwaambia ni namba ya gari."

"Waambie yote."

"Mimi? Wewe ndiye mwenye kiti cha juu. Mimi ni muuza kuku."

Aliinamisha kichwa. "Silali. Nikifumba macho naiona."

"Unaiona nini?"

"Namba."

"Mimi namwona mtoto," nikasema.

Mtawa mzee alikuwa anasinzia. Ekkarat akasema kwa sauti ndogo, "Kila jioni nasoma dua kwa ajili yake. Sijaacha hata siku moja. Phanuwat, namtaja kwa jina."

"Hilo alikuwa analitumia mwalimu. Nyumbani hakuitwa hivyo."

"Aliitwaje?"

Nikachukua kikapu changu. Aliniita mara mbili, nami sikugeuka. Nilishuka ngazi za ukumbi nikiwa mwepesi, na nitasema wazi kwamba niliona raha. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza hilo swali, na nilipoulizwa hatimaye nilipata furaha ya kulikataa.

Siku ya kufunga msimu wa mvua hekalu lilifurika mpaka watu wakakaa barabarani. Mabasi ya dhahabu yalikuwa yamepangwa shambani. Wichian alikaa mbele na mkewe, suruali imepigwa pasi, anasalimia watu kama bwana harusi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake na Bibi Chanhom. Mzee wa hekalu akamwachia Ekkarat kiti cha mahubiri, watu walikuwa wamemwomba mno. Akapanda. Alishika upepeo wake mbele ya uso kama kawaida, kisha akaushusha, jambo ambalo mhubiri hafanyi.

"Mia nne kumi na saba," akasema, na umati wote ukasogea mbele kwenye magoti, "ni namba ya gari nililokuwa naendesha. Nilikuwa naangalia simu. Breki zilikuwa nzima. Nilimgonga mtoto aliyebeba barafu, akafa. Mama yake amekaa pale. Amekuwa akiniwekea wali miezi yote hii. Sina nguvu yoyote. Sikuwapa namba. Mmekuwa mkichora kosa langu kwenye ukuta."

Nikasikia mke wa Wichian akitoa sauti. Wichian mwenyewe alikuwa anaangalia mkeka. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku ya barafu. Nilidhani yakisemwa nitasimama, nitapiga kelele, nitang'oa kitu. Nilibaki nimekaa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Kisha sauti moja nyuma ikasema "Sadhu," na nyingine ikaitikia, na ukumbi mzima ukainua viganja. Mtawa anayekiri mbele ya kadamnasi, mbele ya baba yake, nani amewahi kumwona? Mali alikuwa analia. Wanaume waliokuwa wameapa kulala njiani walikuwa wanafuta macho kwa mashati. Niliona wazi kwamba hawangemwachia hata baada ya miaka mia, kwamba amejifunga mwenyewe kwa fundo la mwisho, na yeye akaliona pia. Mabega yake yalishuka.

Bibi Chanhom akanishika goti. Alikuwa analia kweli, mate mekundu ya tambuu yamemchuruzika kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "umelala kwangu siku zote hizo, hukuniambia."

"Ningekuambiaje, bibi?"

"Maskini mtoto. Maskini." Akanifuta uso kwa ncha ya shuka lake. "Alikuwa na miaka mingapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimekaa miezi bila mtu wa kumwambia Kop alikuwa na umri gani, anapenda nini, anaogopa nini, na huyu bibi alikuwa amenishika goti.

Ila ukumbi ulikuwa umenyamaza mno. Nikainua kichwa. Mali alikuwa ameacha kulia na simu iko mkononi. Mtu kando yake alikuwa na kalamu juu ya kiganja. Mstari baada ya mstari, mpaka kule barabarani, watu walikuwa wananiangalia mdomo, wakisubiri namba. Nikamtazama Bibi Chanhom. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, na mkono wake mwingine ulikuwa unapapasa kalamu kwenye mkoba.

Nikamgeukia Ekkarat kule juu. Naye alikuwa anasubiri. Hakuwa anasubiri kwa sababu yao. Alikuwa anasubiri kwa sababu hajui. Alimuua mwanangu, akamvalia joho, akamsomea dua kila jioni, na siku hizo zote hakuwa amemwuliza mtu yeyote mtoto alikuwa na miaka mingapi.

"Mwulizeni yeye," nikasema.

Watu wote wakageuka kwake. Akashika ukingo wa kiti. Aliniangalia kwa namna ya kuniomba, mbele ya baba yake na kijiji na mabasi ya dhahabu, na mimi nikakifunga kikapu changu cha wali kwa kamba, nikaifunga vizuri, nikainua viganja mbele ya joho kama nilivyofundishwa, nikatoka.

Bado yuko kule. Nyusi hazijaota. Siku za ibada napanda basi, napiga magoti kwenye mkeka, nafinya tonge. Akifika kwangu anainua macho, anasimama muda mrefu kidogo kuliko anavyosimama kwa wengine, na nyuma yangu nasikia wanawake wote wameacha kupumua. Namwekea wali wake. Sisemi kitu, naye anapita.